Chumvi Hukaa Nje ya Kopo

Siku ya nne ya kukataa chakula, Bana Mutale alitaja jina langu. Binti yake alinipigia simu asubuhi, nikiwa bado sijafagia uwanja. "Ba Mado, bamama banakuita. Banasema ukuye na ile krema yenu ya zamani." Huku mkubwa hutajwa kwa wingi wa heshima; bamama wake ni mmoja tu. Nikamwambia kwamba nyumba yao ina friza, na kwamba mjukuu wa mama huyo huyo anauza krema ya maembe, yaani aiskrimu, kwenye vikombe vya plastiki sokoni Kashikishi, na watoto wa shule wanamgombania. "Tulibapa ile," akasema. "Baliionja, bakasema hii haikuzungushwa." Nilikaa na simu mkononi hata baada ya yeye kukata. Karibu miaka hamsini ilikuwa imepita tangu nizungushe kopo ndani ya barafu kwa mara ya mwisho, na mtu pekee aliyejua kwa nini niliacha alikuwa ni Bana Mutale. Sasa tumemzika, wiki tatu zimepita, nami ninaandika haya kabla sijaanza kuyalainisha.

Mwaka ule, katikati ya miaka ya sabini, nilikuwa na miaka kumi na minne. Mimi na Mama tuliishi Nchelenge katika nyumba ya matofali mabichi, karibu na pale mitumbwi inapovutwa mchangani. Mama alikuwa mchuuzi wa chumvi, ile ya punje kubwa ambayo wavuvi huwatilia samaki. Ndani mwetu tulisema Kiswahili cha Kilwa, si ile ya pwani bali ile ya ng'ambo ya ziwa, upande wa Lubumbashi. Ukivuka uzio wa matete unaingia kwenye Kibemba. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele tulipikia wakati wa mvua na kulia wakati wote. Cha nyuma kilikuwa cha chumvi: magunia juu ya mbao, ukuta unaotoa jasho, na dirisha dogo la ubao lililotazama uwanjani. Nililala miguuni pa magunia hayo. Hadi leo nikiingia dukani na kukuta gunia la chumvi limefunguliwa, mwili wangu hufikiri ni wakati wa kulala. Upande wa pili wa uzio aliishi Bana Mutale, yaani mama yake Mutale, kwa maana huku mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto wake. Alikuwa Mzambia wa pale pale, mkulima wa mihogo, mwenye sauti nzito na kicheko kinachoanza kabla neno la kuchekesha halijafika.

Mwezi wa nane dada yangu alirudishwa. Yaya Anjeliki, maana kwetu dada mkubwa huitwa yaya, alikuwa na miaka ishirini na miwili, ameolewa Mununga. Shemeji yake alimleta kwa mtumbwi, akamshusha na blanketi na sanduku, akasema mgonjwa huuguzwa kwa mama yake, akageuza mtumbwi bila kuingia ndani kunywa maji. Mama alisimama mchangani akimwangalia hadi akawa mdogo. Hakutukana, na kwa mtu aliyemjua Mama, hilo lilitisha. Yaya alikuwa na kifua. Hospitali walimpiga sindano na kumpa vidonge, akawa anakwenda na kurudi. Tulimlaza katika chumba cha chumvi, chini ya dirisha, na mimi nikahamia mbele. Usiku wa kwanza niliwasikia Mama na Bana Mutale wakiongea nje, kando ya moto. "Atavuka mwaka?" Mama aliuliza, kama anayeuliza habari za lori. Bana Mutale akamwita mama kwa Kibemba: "Mayo, kwanza akule."

Kula ndiko kulikoshindikana. Bukari, ugali wetu, ilimkaba. Chisense, wale samaki wadogo ambao kila nyumba ilikuwa nao, walimkohoza kwa harufu tu. Siku moja, mwezi wa kumi, maembe yakiwa yameanza kuanguka, alinishika mkono. "Mado, kule ku banda ya samaki, bangali bana barafu?" Nikamwambia wanayo, inakuja siku za lori, Jumanne na Ijumaa. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aje. Kabla ya kuolewa alikuwa amefanya kazi katika jiko la nyumba moja ya wageni Lubumbashi, na kule madamu mwenye nyumba alimfundisha kutengeneza krema ya matunda kwa mkono. "Barafu tuko nayo," akasema. "Maembe iko inaoza inje. Munyu, hii chumvi ya Mama, mi nalala na magunia saba. Alor, tunangoja nini?"

Mama alipinga. "Baridi ku kifua? Unataka kuniua mbele yako?" Yaya akamjibu, "Mama, moto umenipa miezi mbili, na haukunisaidia. Acha tujaribu ingine." Mama alikwenda mwenyewe kwa kapita, msimamizi wa banda la barafu, akarudi na bonge limefungwa kwenye gunia, maji yakimchirizika mgongoni, analalamika njia nzima.

Nitaieleza kazi yenyewe, kwa sababu mjukuu wa Bana Mutale aliniuliza msibani na sikuweza kumjibu. Unaponda maembe mawili au matatu, unayakamua kwenye kitambaa ili nyuzi zibaki. Unaponda ndizi moja iliyoiva hadi ganda limekuwa jeusi. Yaya alisema ndizi ndiyo inayozuia krema isiwe jiwe. Unatia maziwa mazito ya kopo, vijiko vitatu, au vinne kama Mama haangalii. Unamimina yote katika kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko, unafunga kitambaa kuzunguka kifuniko, unalisimamisha kopo ndani ya ndoo. Barafu unaivunja kwa mchi, unaijaza pembeni, na juu yake unatupa chumvi, konzi kwa konzi. Chumvi inaifanya barafu iwe kali. Kisha unashika kopo kwa juu na kulizungusha, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Baada ya muda unafungua, unakwangua kile kilichoshika pembeni, unakorogea katikati, unafunga tena. Hiyo ni saa nzima, na mikono inakufa.

Yaya aliniongoza kutoka dirishani, kidevu juu ya ubao, blanketi kichwani. "We, Mado! Unazungusha kama mutu anafukuza inzi! Zungusha kama unamunyonga shemeji yangu wa Mununga!" Bana Mutale aliyekuwa upande wa pili wa uzio akapiga kelele, "Basi miye nikuye nikusaidie, huyo namunyonga bure!" Na kila mara niliponyanyua kifuniko, Yaya alisema lile lile: "Angalia mukono yako. Munyu inakaa inje. Tamu inakaa mu kati. Bikikutana, umeharibu." Siku ile ya kwanza krema ilitoka laini, ya rangi ya machungwa, ikijikunja yenyewe kwenye kijiko. Mama alionja, akashika shavu. Bana Mutale alionja, akakimbia hatua tatu na kurudi. "Mayo wee! Inaniuma meno, na sina meno!" Yaya alikula bakuli zima. Alikula polepole, macho yamefumbwa, na hakukohoa.

Tulikuwa na wiki tano hivi. Jumanne na Ijumaa. Maembe na ndizi, papai na ndimu, siku moja nanasi, lililogoma kulainika na kutufanya tucheke. Sitasema alipona. Lakini mashavu yalirudi kidogo, na alianza kunisuka nywele tena. Nikikumbuka sauti yake, ndiyo ile ya dirishani.

Mwezi wa kumi na moja nilipata siku zangu kwa mara ya kwanza. Kwa kuwa Mama alikuwa mgeni wa desturi za pale, na tulikuwa tunaishi kati ya wenye nchi, alimwomba Bana Mutale anifundishe. Alinikalisha mkekani chumba cha mbele, mlango umefungwa. Mengi aliyoniambia yalikuwa ya kuoga na ya heshima. Lakini moja alilisema mara mbili. "Ukiwa mu siku zako, usiguse munyu ya chakula cha batu. Hata kidogo. Ita mutoto mudogo, atie yeye. Ama mama mwenye hayuko mu siku zake. Ukitia weye, mwenye anakula anashikwa na kifua. Anakohoa mupaka anaisha." Nyuma ya ukuta Yaya alikuwa anakohoa. Bana Mutale aliposikia maneno yake mwenyewe, aliteremsha sauti na kunishika goti. Sikuuliza kama chumvi ya nje ya kopo nayo ni chumvi ya chakula. Niliona haya kuuliza.

Siku zile za kwanza Mama alitia chumvi, mimi nikazungusha. Jambo dogo tu lilitokea, na naliandika kwa sababu lililofuata lilianzia hapo. Ijumaa moja Mama alikuwa sokoni, nikamwita kitinda mimba wa Bana Mutale, wa miaka mitano, aje atie. Alitia vizuri sana, kwa mikono miwili. Kisha akatoka mbio hadi kwa wanawake waliokuwa wanaanika chisense, akaimba kwa nguvu zake zote, "Ba Mado bananiita nitie munyu! Ba Mado bananiita nitie munyu!" Kila mtu huku anajua maana yake. Wanawake walicheka, si kwa ubaya. Wanaume waliokuwa wanashona nyavu waliinua vichwa. Mmoja akasema, "Ah, Mado amekuwa mama!" Niliingia ndani na kuapa kwamba afadhali nife kuliko kumwita tena mtoto wa chumvi. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nilidhani kufa ni neno la kusemea tu.

Mwezi wa kumi na mbili Mama alivuka kwenda Kilwa kuchukua mzigo, siku nne. Mvua ilikuwa imeanza, na hali ya Yaya ilikuwa imerudi chini. Siku mbili hakutia kitu mdomoni. Asubuhi ya Jumanne aliniambia, "Mado, leo ni siku ya barafu." Nilikuwa katika siku zangu, ya pili. Nilikwenda kwa kapita, nikapata bonge dogo. Nikaponda embe na ndizi. Nikaangalia upande wa uzio: Bana Mutale alikuwa ameondoka alfajiri na jembe, kwenda shamba la mihogo, na mtoto wake yupo uwanjani anacheza na makopo. Ningeweza kumwita. Alikuwa hatua kumi kutoka kwangu. Wanawake walikuwa wanaanika, wanaume walikuwa na nyavu zao. Barafu ilikuwa inayeyuka kwenye gunia. Ubao wa dirisha ulikuwa umerudishiwa nusu kwa sababu ya mvua ya usiku, na nilidhani Yaya amelala. Nikaweka mkono katika gunia dogo la chumvi nililokuwa nimelitoa uwanjani, kando ya ndoo, nikatupa, konzi kwa konzi, haraka, nikitazama nyuma kama mwizi. Kisha nikazungusha. Nilizungusha kuliko siku zote, kana kwamba kuzungusha kungefuta kitu. Kitambaa cha kifuniko sikukifunga vizuri, na maji ya chumvi yalipanda.

Alionja kijiko kimoja, akakishikilia mdomoni. "Iko na munyu," akasema. Halafu akacheka kidogo, ule mcheko uliomgharimu pumzi. "Leo umenifanyia ya samaki." Nikataka kuichukua, akavuta bakuli kwake. Akaniangalia. "Nani alitia munyu?"

"Bana Mutale," nikasema.

"Ah. Basi sawa." Akala yote. Hakuniachia hata ya kulamba kijiko, ingawa siku zote aliniachia. Aliomba na kopo lenyewe, akakwangua pembeni hadi kijiko kikalia kwenye bati, akanywa maji juu yake, akalala.

Mchana Bana Mutale alirudi shambani, akaingia kumwona kabla hata ya kunawa miguu. Mimi nilikuwa chumba cha mbele, nachagua mchele usiohitaji kuchaguliwa. Nikamsikia Yaya akisema, "Aksanti ya munyu, mama." Nilihesabu punje. Kisha Bana Mutale akajibu polepole kwa Kibemba, "Eya, mwana wandi," ndiyo, mwanangu. Baada ya hapo wakashusha sauti, na mvua ikaanza kupiga bati. Alipotoka alipita mbele yangu, akanigusa kichwa, akaenda kwake.

Mama alirudi Alhamisi. Yaya alifariki Jumatatu iliyofuata, mchana, akitema damu kwenye kitambaa kile kile tulichokamulia maembe, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu.

Kwenye msiba moto wa nyumba huzimwa, na wanawake wakubwa hukaa ndani na wafiwa. Kifo cha kifua kina maswali yake. Bibi mmoja wa upande wa sokoni aliuliza, taratibu, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia: nani alimlisha mwisho? Nani alitia chumvi? Mama hakujua, hakuwapo. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na magunia. Nilifungua mdomo, ninaapa nilifungua, na hakuna kitu kilichotoka. Bana Mutale akasema, "Miye." Hakuna aliyemgombeza, wala aliyemuuliza kama alikuwa katika siku zake. Lakini kwa muda mrefu baada ya hapo, wanawake fulani walipopita kwake wakati wa chakula walisema wameshiba. Niliwaona. Niliona akifunika sufuria yake na kicheko chake, na nilikaa kimya mwezi, mwaka, nikaolewa, nikazaa, nikazika mume, nikakaa kimya. Binti yangu mkubwa ni nesi. Aliwahi kunieleza ugonjwa ule kwa kuchora mapafu kwenye daftari, akasema chumvi ya mtu yeyote haiingii humo. Nilimwelewa. Mchana namwamini kabisa.

Siku ile ya simu nilikwenda kwa Bana Mutale na ndoo. Watoto wa nyumba walikusanyika kuona bibi anavunja barafu ya friza kwa mchi. Mjukuu akaleta chumvi laini ya mezani, nikamtuma anitafutie ya samaki. Nilipochukua konzi ya kwanza mkono ulisita, ingawa mwili wangu umemaliza mambo hayo zamani na sheria yenyewe inaniruhusu. Bana Mutale alikuwa kwenye kiti cha kamba mlangoni, amefunikwa, mdogo kama mtoto. Akasema kwa sauti iliyobaki, "Tia weye. Hakuna mwenye kukucheka." Nikatia. Nikazungusha saa nzima, nikipumzika, na yeye akiangalia mikono yangu.

Alikula vijiko vitatu. Watoto walipokwenda zao, nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia yote, tangu ule wimbo wa mtoto wake hadi neno lake msibani. Nilipomaliza hakushangaa. "Mado," akasema. "Ule dirisha ulikuwa na ufa."

Sikuelewa.

"Anjeliki alikuona. Alikuona unachukua munyu, unaangalia nyuma. Siku ile niliingia ku chumba, akanishukuru kwa mambo sikufanya, miye nikaitika tu. Halafu akanivuta sikio. Akasema, 'Mama, ni mutoto alitia. Nikikufa batauliza. Sema ni weye, mama, weye ni mukubwa, utaweza kubeba.' Nikamwambia, na weye ulijua, mbona ulikula?" Bana Mutale akavuta pumzi. "Akasema, 'Alizungusha murefu sana. Mikono yake ilikuwa nyekundu.'"

Nilibaki pale sakafuni. Sijui kama Yaya aliiamini sheria ile. Aliishi Mununga kati ya wenyewe, huenda aliiamini kabisa. Hilo Bana Mutale hakuambiwa na mimi sitaambiwa. Nilichopewa ni hicho tu, na nilipewa na mtu aliyekibeba kwa niaba yangu hadi siku mbili kabla ya kufa.

Alisinzia. Bakuli lake lilikuwa mapajani mwake, limejaa zaidi ya nusu, krema imeanza kuyeyuka pembeni. Nililichukua. Ile ya mwisho ya Yaya sikuwahi kuionja, hakuniachia. Nikachota punje chache za chumvi chini ya ndoo, nikazitia, nikakoroga. Nikaila yote, pale mlangoni, hadi kijiko kikalia kwenye bakuli.